Sifuri Hii Ni ya Nani?

Ramani ilikuwa imependeza. Rangi nilizipanga mwenyewe: kijani penye wanyama wengi, njano penye wachache, nyekundu walikotoweka. Nilikesha siku mbili nikiiandaa, na nilipoionyesha ukutani mbele ya watafiti wa hifadhi nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. "Mvua zikianza, wanyama wanauhama upande wote wa mashariki. Kakakuona ndiye anayepotea kabisa."

Chumba kikanyamaza. Nyuma kabisa alikaa mzee mmoja ambaye amekuwa akifunga kamera porini tangu kabla mimi sijajua kuandika programu. Akainua mkono.

"Mwanangu, hebu rudi kwenye lile jedwali. Kamera namba kumi na saba."

Nikarudi.

"Hapo, tarehe tatu mpaka ishirini na nane. Umeandika sifuri, sifuri, sifuri. Sifuri hii ni ya nani?"

Sikumwelewa. "Ni ya wanyama, mzee. Hakuna aliyepita."

"Hiyo ni ya kamera. Tembo aliing'oa usiku wa tarehe mbili. Tuliikuta imelala kifudifudi kwenye matope, kioo kimejaa tope. Ingempiga nani picha?"

Nikaketi na kulifungua jedwali la asili, lile walilonipa wao. Kweli, kwenye siku zile palikuwa na nafasi tupu, hapakuwa na sifuri. Sifuri nilizitia mimi. Programu yangu ilikuwa inakataa kujumlisha nafasi tupu, nami nikaandika mstari mmoja wa msimbo unaosema: kila penye pengo, weka 0. Mstari mmoja tu, uliochukua nusu dakika, na baada ya hapo sikuufikiria tena. Upande wa mashariki ndio ulio bondeni. Mvua zikinyesha njia hujaa maji, gari halifiki, betri hazibadilishwi, kamera zinazimika moja baada ya nyingine. Kwa hiyo mapengo yote yalirundikana mahali pamoja na msimu mmoja, na mimi nikayapaka rangi nyekundu. Ramani yangu nzima ilikuwa imechora matope na betri.

Ninasimulia haya kwa sababu swali lile la mzee limenifundisha kazi hii kuliko darasa lolote nililokaa. Mimi nilitokea kwenye hisabati na kompyuta. Ikolojia nilijifunza ukubwani, kwa kufuatana na watu wanaoijua. Nilidhani mchango wangu ungekuwa milinganyo mikubwa na programu za kasi. Miaka imepita, na nikitazama nyuma naona sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa ni kuikamata sifuri moja na kuiuliza ilikotoka.

Waswahili tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye baraza la watu msemo huo una haki yake. Porini asiyeonekana huenda yupo, analo lake, na anakutazama.

Baada ya aibu ya ramani niliomba kwenda nao kufunga kamera. Nilitaka kujua kamera inaona nini hasa. Hizi kamera za mtego hazipigi picha muda wote. Zina kihisi kinachosubiri joto linalosogea mbele yake: mwili wa mnyama ukiwa na joto tofauti na la ardhi na majani yaliyo nyuma yake, na ukasogea, kihisi kinaamsha kamera. Neno la kushika hapo ni tofauti. Saa saba mchana, ardhi ikiwa imechemka mpaka inakaribia joto la mwili wa mnyama, tofauti hiyo inafifia, na swala anaweza kukatiza mbele ya kamera nzima, yenye betri mpya, isimwone. Papo hapo majani yaliyopigwa na jua, upepo ukiyayumbisha, yanaamsha kamera mara elfu.

Mzee akanionyesha jinsi wanavyoipima. Unaifunga kwenye mti kwa urefu wa goti, unaiweka kwenye hali ya majaribio, kisha unapiga magoti na kutambaa mbele yake kama mnyama. Taa ndogo nyekundu ikiwaka, imekuona. Nikatambaa hatua mbili kutoka kwenye mti, ikawaka. Hatua nne, ikawaka. Hatua saba, nikiwa nimejilaza chini kabisa nikijivuta kwa viwiko, haikuwaka. Nikarudi, nikajivuta tena polepole zaidi. Haikuwaka. Nilibaki nimelala pale kwenye nyasi nikiitazama ile taa, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa mwili wangu maana ya mnyama mfupi anayepita usiku. Nilikuwepo, na kwenye jedwali ningekuwa sifuri.

Sasa hesabu zikawa na maana. Chukua mnyama ambaye, akiwa anaishi mahali fulani, uwezekano wa kamera kumnasa katika ziara moja ya uchunguzi ni 0.3. Ukifanya ziara moja usimwone, hujajua kitu. Ukifanya tano, uwezekano wa kumkosa zote tano ni 0.7 mara 0.7 mara 0.7 mara 0.7 mara 0.7, ambayo ni kama 0.168. Yaani katika kila sehemu mia anazoishi, sehemu zipatazo 17 zitaonekana hazina mnyama hata baada ya ziara tano. Ukihesabu tu sehemu alikoonekana na kuripoti hizo, umempunguzia makazi yake kwa karibu moja ya sita bila mtu yeyote kukata mti.

Na hapo ndipo hisabati inafanya jambo ninalolipenda mno. Ukizitembelea sehemu zilezile mara kadhaa, mfuatano wa kuonekana na kutoonekana unakueleza mambo mawili kwa mpigo. Mahali palipotoa 0, 1, 0, 0, 1, unajua mnyama yupo, kwa hiyo zile sifuri tatu ni za kamera, si za mnyama. Ukizikusanya za namna hiyo kutoka sehemu nyingi unapata kipimo cha jinsi unavyomkosa. Kipimo hicho unakipeleka kwenye zile sehemu zilizotoa 0, 0, 0, 0, 0 na kuuliza: ngapi kati ya hizi ni utupu wa kweli? Darryl MacKenzie na wenzake waliipanga njia hii vizuri katika makala yao ya mwaka 2002. Walichukua data za vyura kutoka madimbwi kadhaa ya Maryland, Marekani, yaliyosikilizwa mara kwa mara. Aina moja ya chura ilikuwa imesikika katika kama asilimia 34 ya madimbwi. Baada ya kuhesabu uwezekano wa kutosikika, makadirio yalipanda hadi kama asilimia 49. Hakuna chura hata mmoja aliyeongezwa kwenye data. Kilichoongezwa ni uaminifu kuhusu masikio ya wasikilizaji.

Nilipoirudia ramani yangu kwa njia hii, baada ya kuyarudisha mapengo kuwa mapengo, ile nyekundu ya mashariki ilipauka. Sehemu chache zilibaki na dalili ya kweli ya wanyama kupungua wakati wa mvua. Nyingine zilibaki na jibu ambalo wakubwa hawalipendi: hatujui bado, tunahitaji siku zaidi. Nilijifunza kulisema jibu hilo bila kuinamisha kichwa.

Sifuri ya pili iliyonipa kazi ilikuwa ya chui. Chui hutambulika mmoja mmoja kwa madoa yake, kama sisi kwa alama za vidole, kwa hiyo unaweza kuwahesabu kwa njia ya zamani ya kutia alama na kukamata tena. Wazo lake ni jepesi. Msimu wa kwanza unawatambua wanyama kadhaa. Msimu wa pili unapiga picha upya na kutazama wangapi unawajua tayari. Ukiwatambua tena wengi, kundi ni dogo. Ukiwatambua wachache, kundi ni kubwa. Unazidisha idadi ya msimu wa kwanza kwa ya msimu wa pili, unagawanya kwa idadi ya waliojirudia.

Sisi tulikuwa na chui tisa, kisha saba, na waliojirudia sifuri. Tisa mara saba gawanya kwa sifuri: haigawanyiki. Ipo njia ya kukwepa, aliyoipendekeza Douglas Chapman mwaka 1951, ya kuongeza moja juu na chini kisha kutoa moja mwishoni. Nikaitumia, ikanipa 79. Kompyuta haikulalamika. Ilitoa 79 na upana wa makosa yake, na mtu mwenye haraka angeinakili kwenye ripoti.

Nikawaza, sifuri hii ni ya nani? Nikazichapisha picha zote, nikazitandaza mezani, nikazipanga kwa misimu. Ilinichukua alasiri nzima kuona jambo ambalo mtoto angeliona: picha za msimu wa kwanza tulizozitumia kwa utambuzi zilionyesha ubavu wa kulia. Msimu wa pili kamera hazikutosha, kila mti ukafungwa moja badala ya mbili zinazotazamana, na picha nzuri karibu zote zilikuwa za ubavu wa kushoto. Madoa ya kushoto ya chui hayafanani na ya kulia. Tulikuwa tunaulinganisha ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto. Huenda wale saba walikuwemo wote ndani ya wale tisa. Ile 79 ingekwenda kwenye mipango ya uhifadhi ikiwa imebeba chui wengi ambao hawajawahi kuzaliwa, na hilo ndilo linaloniuma ninapolikumbuka, maana namba kubwa ya uongo huwaondolea wanyama ulinzi kwa upole, bila mtu kuona.

Nimesema sana habari za kuhesabu. Kuna upande mwingine wa kazi hii, wa kujenga modeli za jinsi idadi inavyopanda na kushuka, na huko nilikutana na sifuri ya aina tofauti: ile isiyofika kamwe.

Kila anayeingia kwenye fani hii hupitia mlango uleule. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwanabiolojia Umberto D'Ancona alikuwa akitazama takwimu za samaki waliouzwa kwenye masoko ya Bahari ya Adria. Kwenye bandari ya Fiume, sehemu ya papa, samaki aitwaye taa, na samaki wengine wanaowala wenzao ilikuwa kama asilimia 11.9 mwaka 1914. Kufikia 1918 ilikuwa imefika asilimia 36.4. Wakati wa vita uvuvi ulipungua sana, na waliofaidi zaidi wakawa wale walao wenzao. Kwa nini wao, na si samaki wote sawasawa? Akampelekea swali hilo Vito Volterra, mwanahisabati aliyekuja kuwa mkwewe, na mwaka 1926 Volterra akalijibu kwa milinganyo miwili tu: mmoja wa mawindo, mmoja wa wawindaji, kila mmoja ukieleza kasi ambayo idadi inabadilika. Alfred Lotka, akiwa Marekani, alikuwa ameifikia milinganyo hiyohiyo kwa njia yake mwenyewe.

Jibu linashangaza mpaka leo. Ukivua wote kwa kiasi, mawindo na wawindaji, wastani wa mawindo hupanda na wa wawindaji hushuka. Sababu ni kwamba idadi ya mawindo kwa wastani inaamuliwa na mahitaji ya mwindaji wake: mwindaji anayekufa haraka zaidi, kwa nyavu au kwa njaa, anahitaji mawindo mengi zaidi ili kizazi chake kisipungue. Ukiacha kuvua, mambo yanageuka. Mara ya kwanza nilipoikokotoa kwa mkono na kuona inatoka hivyohivyo, nilisimama nikatembea chumbani. Milinganyo miwili, na bahari nzima ikaeleweka kidogo.

Basi nikaandika programu yangu ya mwindaji na mawindo, nikaongeza msimu wa ukame, nikaongeza uwezo wa ardhi kulisha, nikaiacha iende miaka mia mbili. Mawimbi mazuri yakatokea: mawindo wanapanda, wawindaji wanafuata, mawindo wanaporomoka, wawindaji wanaporomoka nyuma yao, kisha upya. Nikamwita mwanaikolojia tuliyekuwa tukifanya naye kazi, mama mmoja makini sana, aje aone. Akaangalia lile bonde refu katikati ya mawimbi mawili.

"Hapa chini kabisa wako wangapi?"

Nikasogeza kishale. Idadi ya wawindaji ilikuwa 0.00004.

"Na hapa miaka kumi baadaye?"

"Mia moja na themanini, mama."

"Wamezaliwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Milinganyo ya aina hii inahesabu wanyama kama maji: unaweza kuwa na nusu, robo, tone, chembe ya tone. Haifiki sifuri, inaikaribia tu. Na chembe ile ikipata mawindo ya kutosha inaota tena kuwa kundi. Mnyama hana chembe. Akibaki mmoja hazai, na akifa huyo mmoja pamekwisha.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kosa hili lina historia, na mfano wake maarufu unatoka kwenye utafiti wa kichaa cha mbwa kwa mbweha. Miaka ya 1980 ilijengwa modeli ya jinsi ugonjwa huo ungeenea kwa mbweha wa Uingereza kama ungeingia. Modeli ilitabiri wimbi la kwanza la ugonjwa, kisha, miaka kadhaa nyuma yake, wimbi la pili. Mwaka 1991 Denis Mollison akauliza: katikati ya mawimbi hayo mawili, ugonjwa umejificha wapi? Akapiga hesabu. Ulikuwa umejificha ndani ya mbweha wagonjwa ambao idadi yao ilishuka hadi kiasi hiki kwa kilomita moja ya mraba: mchukue mbweha mmoja, mgawe vipande bilioni moja, kisha kila kipande kigawe tena vipande bilioni moja, uchukue kimoja. Kipande hicho ndicho kilichoamsha wimbi la pili. Nawasimulia kisa hiki vijana wote wanaokuja kujifunza kwangu, na huwa nawaomba waandike ile desimali yote kwa mkono, sifuri kumi na saba baada ya nukta kisha moja, ili mkono uchoke kidogo.

Maumbile yenyewe hayana shida ya kufika sifuri. Georgy Gause, Mrusi, alionyesha hilo katika mirija ya kioo, na akayachapisha mwaka 1934. Aliweka pamoja viumbe wadogo wa majini wa chembe moja, Paramecium, na mwindaji wao, Didinium. Alitarajia mawimbi. Didinium akawala wote mpaka wa mwisho, kisha akafa kwa njaa. Mawimbi yalikuja pale tu Gause alipokuwa akiongeza kiumbe mmoja wa kila upande baada ya siku chache, kama mgeni anayehamia kutoka kwingine. Carl Huffaker naye, mwaka 1958, aliwapa utitiri na mwindaji wao dunia ya machungwa na mipira, iliyowekewa vizuizi vya mafuta mazito na vijiti vya mawindo kurukia. Mpaka alipoifanya dunia hiyo kuwa na vikwazo na maficho ya kutosha ndipo waliweza kupanda na kushuka mara kadhaa bila kutoweka mapema. Nafasi, njia, mahali pa kujificha na mahali pa kuhamia ndivyo vinavyoizuia sifuri ya eneo moja isiwe ya wote.

Niliibomoa programu yangu na kuijenga upya kwa wanyama wazima. Sasa kila tukio ni la mnyama mmoja: huyu anazaliwa, yule analiwa, huyu anahama, na kompyuta inachagua tukio linalofuata kwa nasibu kulingana na uwezekano wa kila moja. Njia hiyo Daniel Gillespie aliiandika mwaka 1977 kwa ajili ya molekuli zinazogongana, na inawafaa wanyama vilevile. Kwa kuwa kuna nasibu, uigaji mmoja hautoshi. Niliuendesha mara elfu. Ile milinganyo ya awali ilikuwa imenipa mstari mmoja mzuri usiokatika. Huku, kwa vigezo vilevile, mistari mingi ilikatika kwenye bonde la kwanza. Mwindaji akafika sifuri na akabaki hapo. Nilipoongeza njia ya wanyama wachache kuingia kutoka hifadhi ya jirani, hata mmoja tu kwa miaka kadhaa, mistari mingi ikaendelea kuishi. Tulipokwenda kuwaeleza wasimamizi umuhimu wa ushoroba unaounganisha hifadhi mbili, yule mama alitumia mchoro huo na mwingine hakuuhitaji.

Siku hizi sehemu kubwa ya kazi ni akili bandia, na inafaa. Mradi wa Snapshot Serengeti ulifunga kamera 225 na ukapata mamilioni ya picha. Maelfu ya watu waliojitolea wakazitambua moja moja. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba mtandao wa nyuroni, yaani programu inayojifunza kwa mifano, uliofundishwa kwa picha hizo milioni 3.2 unaweza kuchukua sehemu kubwa mno ya kazi hiyo kwa usahihi unaolingana na wa wale watu. Na katika picha hizo, kama robo tatu hazina mnyama. Ni nyasi, upepo, jua. Sifuri tena, safari hii robo tatu ya data yote.

Fikiria maana yake. Programu inayojibu "tupu" kwa kila picha, bila kutazama chochote, itapata asilimia 75. Yangu ya kwanza ilipata tisini na kitu, nikafurahi, mpaka nilipoigawa alama hiyo kwa kila mnyama peke yake. Pundamilia vizuri. Nyumbu vizuri. Kakakuona sifuri. Picha zake za kufundishia zilikuwa chache kiasi kwamba programu ilijifunza kuwa kutomtaja kamwe hakuigharimu kitu. Na alama yenyewe ilikuwa imevimba: nilikuwa nimegawa picha kwa nasibu, hivyo picha ya kufundishia na ya kupimia zilikuwa za mnyama yuleyule, kamera ileile, sekunde mbili baadaye. Nilipozitenga kamera nzima ambazo programu haijawahi kuziona, alama iliporomoka. Ilikuwa imekariri miti na mawe ya nyuma. Sara Beery na wenzake walilionyesha tatizo hili wazi mwaka huohuo wa 2018, kwamba programu inayofanya vizuri mahali ilipozoea hukosea sana inapopelekwa mahali pageni. Sasa sipimi vinginevyo, na kila picha ambayo programu inasita kuiita tupu inapitiwa na macho ya mtu.

Jedwali letu la leo halina nafasi ya kuandika sifuri peke yake. Kila usiku wa kila kamera una alama ya kama ilikuwa hai, betri ilikuwa kiasi gani, ilifungwa na nani, majani ya mbele yalifyekwa lini. Mzee ndiye aliyependekeza safu hiyo ya majani. Ameshastaafu, lakini hupiga simu.

Tunayo sasa hivi sehemu moja, korongo lenye vichuguu vingi, ambako wenyeji wanasema kakakuona yupo na sisi hatujampata. Jina lake lenyewe limebeba kuona ndani yake. Kutoka kwenye sehemu ambazo tunajua anaishi, tumepima kwamba kamera moja iliyofungwa vizuri humnasa kama mara moja kwa kila usiku 50, yaani 0.02 kwa usiku. Kama yupo korongoni na anaonekana kwa kiwango hichohicho, uwezekano wa kumkosa unapungua kidogokidogo kila kunapokucha, na unashuka chini ya asilimia 5 usiku wa 149. Bosi wetu mpya aliuliza juzi, yupo au hayupo? Nikamwambia tuko usiku wa 112, na kwamba uwezekano wa kumkosa mpaka hapo akiwepo ni kama asilimia 10. Nikaongeza kwamba hiyo si asilimia ya kuwepo kwake, ni asilimia ya sisi kutomwona. Akatafakari, akaandika kwenye daftari lake, akauliza ni lini usiku wa 149.

Jana tulikwenda kubadilisha betri. Nilitambaa mbele ya kamera kwa viwiko, hatua tatu kutoka kwenye mti, chini kabisa. Taa nyekundu ikawaka.